Sungura wetu anatibiwa na daktari wa mifugo: je, tumpe na mitishamba?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Naishi Bombo, Uganda, na binti yangu ana sungura jike mweupe anayeitwa Pamba, wa kilo mbili hivi. Wiki iliyopita masikio yake yalijaa magamba, akawa anajikuna mpaka damu. Daktari wa mifugo alikuja akasema ni utitiri, akamchoma sindano ya ivermektini. Kwa kuwa kinyesi nacho kilikuwa laini, alishuku koksidia (vijidudu vinavyoshambulia utumbo), akatuachia unga wa salfa wa kuchanganya na maji ya kunywa. Tangu jana anakula kidogo sana. Mama mkwe wangu, ambaye amelea watoto na mifugo kwa mitishamba maisha yake yote, anataka tutie mululuza, ule mmea mchungu, kwenye maji yake na tumpake mshubiri na mwarobaini masikioni. Jirani mmoja anashauri mumbwa (udongo wa mitishamba), mwingine ameleta vidonge vya amoksilini vilivyobaki alipougua mtoto wake. Je, naweza kuchanganya vitu hivi na dawa ya daktari? Sitaki kumvunjia heshima mama mkwe, wala sitaki Pamba afe mikononi mwa mtoto.

JIBU: Wa alaikum salaam, mama. Nitaanza na jambo ulilolitaja kwa sentensi moja tu, maana ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote: tangu jana anakula kidogo sana. Mbwa akikosa hamu siku moja, unaweza kusubiri uone. Sungura hasubiriwi. Akipitisha saa 12 bila kula kitu chochote, anatakiwa kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla hujasoma mengine, nenda ukamwangalie.

Angalia kinyesi chini ya kibanda. Kinyesi cha sungura mzima ni vidonge vya mviringo, vikavu, karibu ukubwa wa njegere, na huwa vingi sana kwa siku. Vikiwa vichache, vidogo, vyeusi na vigumu, au vimeshikana kwa manyoya, tumbo limepunguza mwendo. Kisha mshike tumbo taratibu kwa vidole. Linatakiwa liwe laini. Likiwa limejaa na kukaza, au akiwa amejikunja pembeni akisaga meno, ana maumivu. Kama una kipimajoto cha dijitali, kipake mafuta kidogo, kiingize kwa nyuma sentimita moja au mbili tu huku mtu mwingine amemshika vizuri. Joto la kawaida la sungura ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Likishuka chini ya 38, hali ni mbaya; funga chupa ya maji ya moto kwenye kitambaa, muwekee ubavuni, na safari ianze.

Ukikuta hakuna kinyesi kipya tangu jana, au tumbo limekaza, au mwili umepoa, mpigie daktari wako sasa hivi. Asipopatikana, panda teksi. Barabara yenu ya Bombo inashuka moja kwa moja mpaka Wandegeya, na pale Makerere kuna kliniki ya wanyama wadogo ya chuo cha udaktari wa mifugo. Mengine yote niliyoandika hapa ni kwa ajili ya sungura ambaye bado anatafuna kidogo na bado anatoa kinyesi.

Sasa swali lako lenyewe. Ndiyo, mitishamba na dawa za daktari vinaweza kwenda pamoja kwa sungura. Lakini kinachoamua si kama kitu kimetoka porini au dukani. Kinachoamua ni tumbo. Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia kinywani lazima kipite njia yote. Na mwishoni mwa utumbo mwembamba ana mfuko mkubwa unaoitwa sekamu, ambamo mabilioni ya vijidudu vinachachusha nyasi alizokula na kuzigeuza chakula. Ni kama mtungi wa uji wa kuchachusha: ukitia ndani yake kitu kinachoua chachu, uji unaharibika, na hapa uji wenyewe umo ndani ya mnyama aliye hai. Kila jani, kila kidonge na kila tone unalompa Pamba linapita kwenye huo mtungi. Tena sungura hujilamba mwili mzima kila siku, kwa hiyo unachompaka kwenye ngozi nacho kitafika kinywani.

Ukilishika hilo, utaona kwa nini kitu cha hatari kuliko vyote ulivyovitaja si mitishamba hata kidogo. Ni amoksilini ya jirani. Amoksilini, ampisilini na ndugu zao wa jamii ya penisilini, vikipewa sungura kwa mdomo, huua vijidudu vyema vya sekamu na kuwaachia nafasi bakteria wa jamii ya klostridia, ambao hutoa sumu. Mnyama huanza kuhara na kulegea, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Klindamisini na linkomisini ni vivyo hivyo. Daktari anaweza kuchoma penisilini chini ya ngozi kwa ugonjwa fulani, na hapo anajua anachofanya. Kwa mdomo, hapana. Mrudishie jirani vidonge vyake leo, kwa shukrani, na mweleze sababu, kwa maana kesho atampa mtu mwingine.

Tuje kwenye mululuza. Mama mkwe wako hajautoa hewani. Mwaka 1987, kwenye milima ya Mahale huko Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde, mjuzi wa miti ya eneo lile, walimfuata sokwe mtu jike aliyeitwa Chausiku, ambaye alikuwa mgonjwa, amelegea, halafu wakamwona akivunja matawi ya mululuza. Alimenya ganda, akaachana na majani, akatafuna kiini cha ndani, akafyonza maji yake machungu na kutema nyuzi. Siku iliyofuata akapata nafuu. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba sokwe wa pale hutafuna mmea huu hasa wanapokuwa na minyoo ya tumbo. Hiyo ni dawa, na mama mkwe wako yuko upande wa ukweli akisema hivyo.

Ila tazama mambo mawili. Chausiku alisumbuliwa na tumbo, na Pamba anasumbuliwa na utitiri wa masikio na labda koksidia, ambao si minyoo. Na sokwe alichagua sehemu moja ya mmea kwa kiasi kidogo, akaacha majani ambayo sisi ndiyo tunayoyachemsha. Uchungu ule ni kemikali zenye nguvu. Mtu wa kilo 60 anapokunywa kikombe, hakuna aliyekwisha kutupimia kikombe hicho kinakuwa kiasi gani kwa mnyama wa kilo mbili.

Hata hivyo hoja yangu kubwa dhidi ya mululuza kwa Pamba ni nyepesi kuliko hiyo, na ningependa umweleze mama mkwe hivi hivi. Dawa ya salfa iko ndani ya maji. Sungura wa kilo mbili hunywa kati ya mililita 100 na 300 kwa siku. Ukiyafanya maji kuwa machungu, atanusa, atalamba mara moja, ataondoka. Hapo amekosa dawa ya koksidia, amekosa maji, na kinyesi kinazidi kukauka tumboni. Halafu salfa ina tabia yake: kwa mnyama aliyepungukiwa maji, inaweza kuganda kuwa chembechembe kwenye figo. Kwa hiyo mululuza ndani ya maji ya salfa haisaidii dawa. Inaizuia isinyweke, na ile kidogo iliyonyweka inaanza kumdhuru.

Kuna jambo unaloweza kulifanya asubuhi bila gharama. Chukua chupa ya soda ya kioo, ile ya mililita 300, ipime nayo maji unayomwekea, na kesho muda huo huo pima yaliyobaki. Ukiona ameshusha chini ya theluthi moja ya chupa kwa siku nzima, mwambie daktari. Huenda hata salfa peke yake haipendi, na daktari anaweza kukupa dozi ya kumnywesha kwa bomba la sindano ili maji ya kunywa yabaki safi. Kama dawa uliyoachiwa ni amproliamu badala ya salfa (soma kwenye pakiti), usimwongezee vitamini B za dukani bila kuuliza, kwa sababu amproliamu hufanya kazi kwa kuwanyima koksidia vitamini B1, na ukiimwaga vitamini hiyo juu yake unaifunga dawa mikono.

Na kile kinyesi laini? Chunguza vizuri. Usiku au alfajiri sungura hutoa aina ya pili ya kinyesi, vidonge vidogo laini vinavyong'aa, vimeshikana kama kishada, na huvila moja kwa moja kutoka mkunduni. Ni chakula chake, kimejaa protini na vitamini zilizotengenezwa kwenye sekamu. Sungura mwenye maumivu hainami kuvichukua, vinabaki vimegandamana nyuma, na watu hudhani anahara. Hapo ndipo majani ya mpera huletwa. Majani ya mpera yanafunga tumbo kweli, na kwa mtoto anayehara yana kazi yake. Kwa sungura ambaye tumbo lake tayari limepunguza mwendo, kulifunga zaidi ni kumtafutia balaa. Kama kweli ni koksidia, njia ya kujua ni kupeleka kinyesi kibichi maabara kikaangaliwe kwa hadubini. Mwombe daktari afanye hivyo.

Mshubiri, ambao wengi hapa huuita kigajji, una vitu viwili ndani ya jani moja. Ukilikata, karibu na ganda hutoka utomvu wa manjano, mchungu. Huo ni dawa kali ya kuharisha. Usimpe kwa mdomo, wala usiuache kwenye ngozi yake. Katikati kuna ute mweupe unaoonekana kupenya. Ukilisimamisha jani mpaka manjano yote imwagike, ukalimenya na kuuosha ute, unaweza kupaka kidogo kwenye mkwaruzo mdogo wa nje au kwenye kisigino kilichochubuka kwa kukalia waya, ukamshika kwa dakika kadhaa mpaka ukauke asiulambe. Ndani ya sikio usiutie.

Na masikio yenyewe usiyakwangue. Magamba yale yanaonekana mabaya na mkono unawasha kuyaondoa, lakini chini yake kuna nyama mbichi, na ukiyabandua unamtia maumivu makali bila faida. Sindano ikishafanya kazi, utitiri hufa, magamba hulegea na kuanguka yenyewe katika siku zinazofuata. Ukitaka kumsaidia, matone machache ya mafuta safi ya simsim juu ya magamba yanayoonekana yanatosha kuyalainisha. Lakini akianza kuinamisha kichwa upande mmoja au kupepesuka, usitie chochote masikioni mpaka daktari aangalie ndani, maana kiwambo cha sikio kinaweza kuwa kimetoboka.

Mwarobaini ndio mti ninaouheshimu kuliko mingine uliyoitaja. Ndani ya mbegu zake mna azadiraktini, inayowazuia wadudu kula na kukua, na mafuta yake yana nguvu juu ya utitiri. Ila yanafanya kazi pole pole, yananuka, ni machungu, na Pamba atatumia usiku mzima kuyalamba. Ivermektini tayari inafanya kazi hiyo kutokea ndani ya damu. Kumwongezea mwarobaini masikioni ni kumpa tabu ya pili kwa ajili ya mdudu yule yule. Mahali pake hasa ni kwenye kibanda. Utitiri wa masikio unaweza kuishi nje ya mwili wa sungura hata wiki tatu, ukijificha kwenye nyufa za mbao na kwenye matandiko. Chomeni matandiko yote ya zamani, mwageni maji yanayochemka kwenye mbao, kisha msugue kwa maji yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini mengi, na kibanda kikauke juani kabla Pamba hajarudishwa. Kazi hiyo mwachie mama mkwe aisimamie. Kama mna sungura jike mwenye mimba, mwarobaini usimfikie mdomoni kabisa.

Kuhusu hiyo sindano: muulize daktari alimchoma kiasi gani. Usione haya kuuliza. Madaktari wetu wengi wanashinda na ng'ombe, mbuzi na kuku, na sungura wanawaona kwa nadra. Ivermektini ya asilimia 1, ile inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe, ina miligramu 10 kwa kila mililita. Sungura anahitaji miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo. Kwa Pamba hiyo inakuwa kati ya mililita 0.04 na 0.08, yaani haifiki hata mstari wa kumi ya kwanza ya bomba la mililita moja, lile jembamba la insulini. Ukilishika bomba hilo mbele ya dirisha utaona dawa yenyewe ni tone. Mtu akivuta nusu mililita "ili ifanye kazi haraka", amempa zaidi ya mara sita ya dozi. Ndiyo maana sipendi watu wanunue ivermektini wenyewe kwenye maduka ya Container Village, Kampala, na kuchoma nyumbani. Na ndiyo maana vile vile sipendi kusikia kwamba mitishamba haina dozi. Taasisi ya utafiti wa dawa za asili iliyoko Wandegeya, chini ya Wizara ya Afya, imekuwa ikichunguza mimea yetu tangu miaka ya 1960 kwa sababu mimea ina dawa ndani yake, na kitu chenye dawa ndani yake kina kiasi kinachoponya na kiasi kinachoua.

Mumbwa sitausemea mengi. Ni udongo uliokandwa na mitishamba mingi na kukaushwa, husuguliwa na maji kwa ajili ya watu, hasa wajawazito, na aliyeutengeneza tu ndiye anayejua alichotia. Kwa sungura, udongo tumboni na mimea isiyojulikana ni vitu viwili vibaya kwa pamoja. Usimpe.

Kwa kuwa umeuliza kwa moyo wa kutaka kujua, niongeze yale ambayo hukuyataja lakini mtu atakuja kukushauri, maana kwa utitiri kila mtaa una dawa yake. Maji ya tumbaku yana nikotini, inapenya ngozi na kuua. Utupa, au muluku kwa Kiluganda, ule unaotumika kulewesha samaki na kuoshea ng'ombe kupe, usimkaribie sungura anayejilamba. Oili chafu ya gari inaunguza ngozi na kumtia sumu anapojisafisha. Dawa za viroboto vya mbwa zenye fipronili zinaua sungura, hata zikiwa tone moja shingoni. Kayukiyuki, ile yenye maua ya rangi rangi kwenye uzio, inaharibu ini. Luwoko, mmea wa kutambaa (Phytolacca dodecandra), ni sumu. Na majani ya ovakado, ambayo watu huyachemsha kwa ajili ya presha na ambayo yanaanguka kwenye kila ua wa Bombo, yanaharibu misuli ya moyo wa sungura. Kibanda kisikae chini ya mti huo.

Sasa mimea ninayotaka Pamba aipate, na hapa nataka mama mkwe wako ashike usukani. Mmea unaotibu sungura kuliko yote ni nyasi. Tumbo la sungura linasukumwa na nyuzi ndefu za majani, zikikosekana linasimama. Mkatieni nyasi changa za matete au nyasi nyingine safi za shambani, ziwe mbele yake usiku na mchana, nyingi kuliko anavyoweza kumaliza. Juu yake wekeni majani ya viazi vitamu, kishona nguo (sere) kabla haijatoa mbegu, na kafumbe, lile gugu laini la shambani. Konzi ya majani mabichi ya mlonge ni nzuri kwa mnyama aliyedhoofika, ila yasigeuzwe kuwa mlo mzima. Tawi moja au mawili ya mujaaja (aina ya mrehani) au dania, kwa harufu yake, mara nyingi humvuta sungura aliyesusa. Akianza kutafuna hilo, nyasi hufuata. Vichunwe mbali na barabara kuu na mbali na mashamba yaliyopulizwa dawa ya magugu, na visiwe vimelala kwenye gunia mpaka vikapata joto. Mkate, posho (ugali) na biskuti za mtoto viondoeni kabisa mpaka apone.

Akila kidogo kuliko kawaida lakini tumbo ni laini na kinyesi kinatoka, mlisheni kwa bomba. Loweka chakula cha vidonge cha sungura kwenye maji ya uvuguvugu, kiponde mpaka kiwe uji unaopita kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Mfunge Pamba kwenye taulo, miguu yote ndani, kichwa nje, awe amekaa wima wa kawaida, usimlaze chali. Nyuma ya meno ya mbele, pembeni, kuna pengo lisilo na meno. Ingiza ncha ya bomba hapo kutokea ubavuni, sukuma mililita moja, subiri. Utaona taya linaanza kwenda. Ameze ndipo umpe nyingine. Kwa kilo zake mbili, mililita 20 kila mara, mara nne au tano kwa siku, zinatosha kulifanya tumbo liendelee. Ukimsukumia kwa haraka uji utaingia kwenye mapafu. Tumbo likiwa limekaza, usimlishe kwa nguvu. Anatakiwa daktari kwanza, kwa sababu huenda kuna kizuizi.

Mwombe daktari pia dawa ya maumivu. Masikio ya namna ile yanauma sana, na maumivu peke yake yanatosha kulisimamisha tumbo la sungura. Meloksikamu hutumika, kwa dozi anayoipima daktari. Usimpe diklofenaki ya watu. Na aangaliwe meno: meno ya mbele ya sungura hukua kama milimita mbili kwa wiki, na yakipishana hawezi kukata nyasi hata kama ana njaa.

Kumwambia daktari juu ya mitishamba ni lazima, na usimwambie kwa kuficha ficha. Chukua tawi la kila mmea uliompa au unaotaka kumpa, hata kama unalijua kwa Kinubi au Kiluganda tu, mwonyeshe, na umwambie ni lini na kiasi gani. Daktari mzuri hatakukaripia. Akikukaripia, mwambie umekuja ili asitibu gizani. Tena mpe Pamba jambo jipya moja kwa wakati. Ukianza dawa mpya, jani jipya na chakula kipya siku moja, akiharisha kesho hakuna atakayejua kilichomharisha.

Mama mkwe wako usimweke upande mmoja na daktari upande mwingine mbele ya mtoto. Mweleze habari ya maji machungu na salfa. Mtu aliyelea mifugo ataielewa mara moja, kwa sababu naye anajua kwamba mnyama asiyekunywa hatibiki. Halafu mwombe ashike nyasi, majani na kibanda. Hiyo ni nusu ya tiba yenyewe, na ndiyo nusu ambayo mimi na daktari wenu hatuwezi kuifanya tukiwa mbali.

Binti anawe mikono kwa sabuni kila akimshika Pamba. Utitiri wa masikio hauishi kwa binadamu, lakini ukiona magamba yamehamia puani na kwenye makucha, huenda ni aina nyingine ya upele, ambayo inaweza kumwasha mtu kwa muda. Na tarehe ya sindano ya kwanza iandikeni ukutani. Ivermektini haiui mayai ya utitiri, kwa hiyo sindano ya pili inatakiwa baada ya siku 10 hadi 14, hata kama masikio yatakuwa yameshakuwa safi. Kama kuna sungura wengine nyumbani au kwa jirani aliye ukuta mmoja nanyi, wachomwe siku hiyo hiyo.